Mashine Haijalala

Babu yangu mzaa mama alikuwa na vidole vitatu kwenye mkono wa kulia. Viwili vilibaki kiwandani, kwenye korona, ile mashine kubwa ya kuchakata mkonge, miaka mingi kabla sijazaliwa. Sisi wajukuu huko Muheza tulimjua hivyo tangu mwanzo. Alishika jembe kwa vidole vitatu, akashika kikombe cha chai kwa vidole vitatu, na salamu yake ya mkono ilikuwa na nguvu kuliko ya watu wengi wenye vitano. Aliwahi kunieleza mara moja tu ilivyokuwa. Mashine ilikuwa imezimwa, akapeleka mkono kutoa jani lililokwama. Jani lilipotoka, gurudumu likasogea. Kidogo tu, alisema, kama mtu anayejigeuza usingizini.

Maneno hayo yalinirudia nikiwa mbali kabisa na mashamba ya mkonge, katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, nimeinama juu ya mashine ya kurusha theluji, glavu nimevua, mkono wa kulia uko njiani kuingia kwenye bomba.

Kwanza nieleze kwa nini mtu wa Tanga ana mashine kama hiyo. Buffalo uko kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Ziwa lenyewe ni refu, limelala kutoka kusini-magharibi kuja kaskazini-mashariki, na upepo wa majira ya baridi mara nyingi hulifuata kwa urefu wake wote. Kabla maji hayajaganda huwa yana joto kuliko hewa iliyo juu yake, kwa hiyo upepo unafyonza unyevu njia nzima na kuja kuutua juu yetu ukiwa theluji. Haianguki sawasawa. Inakuja kwa ukanda mwembamba, mtaa huu ukazikwa na ule wa maili kumi kaskazini ukaamka na jua. Novemba 2022, mji jirani wa Orchard Park ulipata karibu inchi 80 kwa siku chache tu, yaani kama mita mbili, hata mechi ya Bills, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, ikahamishiwa mji wa Detroit. Mwezi uliofuata, wakati wa Krismasi, kimbunga cha theluji kiliua zaidi ya watu 40 katika eneo letu. Wengine walikutwa ndani ya magari, wengine majumbani mwao hakuna joto, na wengine moyo ulisimama wakizoa theluji kwa koleo. Theluji ya kina hicho ni mzigo wa tani kadhaa kwenye njia moja ya gari. Kuiondoa kwa mkono, katika baridi, bila mazoezi, ni hatari ambayo watu wetu wengi hawaijui hadi msimu wa kwanza.

Ndiyo maana baada ya majira mawili ya koleo nilinunua mashine ya petroli iliyotumika, kwa mzee mmoja aliyekuwa anahamia Florida. Ni ya hatua mbili, mdomo wake una upana wa inchi 24. Mbele kuna parafujo kubwa ya chuma inayozunguka polepole, inakata theluji na kuisogeza katikati. Nyuma ya parafujo kuna feni ya chuma inayokwenda kasi sana. Hiyo ndiyo inayoipokea theluji na kuitupa juu kupitia bomba, ikaangukia mbali. Zipo ndogo za hatua moja, hazina feni, kazi yote inafanywa na makasia ya mpira yanayogusa ardhi. Hizo zinafaa kwa theluji nyepesi na njia fupi. Kwa Buffalo mimi nasema ya hatua mbili, kama mfuko unaruhusu.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko wengi tunavyodhani. Arthur Sicard, mtu wa Quebec nchini Kanada, alitengeneza mashine yake mwaka 1925, akifuata mfano wa mashine za kupura nafaka alizoziona mashambani, na mwaka 1927 akauza ya kwanza kwa mji wa Outremont. Nilipolisoma hilo niliiona mashine kwa jicho jingine. Hii ni mashine ya shamba iliyobadilishiwa zao, na tabia zake ni zile zile za mashine za shamba: ina kitu kinachovuta kuelekea ndani, na hakitofautishi kinachovutwa.

Sasa nirudi kwenye siku ile. Ilikuwa mwezi wa tatu. Mgeni hudhani theluji ngumu kwa mashine ni ya Januari, lakini ya Januari huwa kavu na nyepesi kama unga wa muhogo, inaruka bila shida. Theluji ya kuogopa ni ya mwisho wa msimu, joto likiwa karibu na nyuzi sifuri, imelowa, nzito, inagandamana kama ugali mbichi. Juu ya hapo lori la manispaa lilikuwa limepita na jembe lake la kusukuma theluji, likaacha ukuta mdomoni mwa njia yangu ya gari, wenye theluji iliyoshindiliwa, chumvi, mchanga na mapande ya barafu. Nilikuwa na zamu ya usiku. Nikaisukuma mashine ndani ya ukuta kwa pupa, na bomba likaziba.

Nilifanya nilichodhani kinatosha. Niliachia vishikio, nikazima injini, nikachomoa ufunguo. Kimya. Nikavua glavu ili nishike vizuri, nikainama.

"Toa mukono! Toa mukono, ndugu!"

Alikuwa mzee wa ng'ambo ya barabara, mtu wa Uvira, Kongo, aliyeingia Buffalo miaka mingi kabla yangu. Alikuja mbio kwenye barafu, na umri wake haumruhusu kukimbia. Hakunigombeza. Aliinama akabandua kijiti cha plastiki kilichobanwa juu ya mashine yangu, ambacho nilikuwa sijawahi hata kukigusa, akakisukuma ndani ya bomba akiwa amesimama pembeni. Akachokoa mara ya kwanza, mara ya pili. Theluji ilipong'oka ukasikika mlio mmoja, kama mlango unaobamizwa na upepo, na feni ikapiga. Robo ya mzunguko labda, isizidi. Akakitoa kile kijiti akanionyesha ncha yake. Kilikuwa kimemegwa.

"Unaona," aliniambia. "Ile mashini haiyalala bado."

Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba yangu muda mrefu siku ile. Kazini nilichelewa.

Kinachotokea ni hiki. Mashine inapoziba, theluji iliyoshindiliwa inaibana feni wakati injini bado inaisukuma. Ule msukumo haupotei wote unapozima. Mkanda unabaki umevutika, chuma kimekaza, theluji imeshikilia kila kitu kama kabari. Ukiiondoa kabari, kilichovutika kinaachia. Hakihitaji injini, na hakihitaji mzunguko mzima kumaliza kazi yake kwenye vidole. Marekani maelfu ya watu hufikishwa hospitali kila mwaka kwa majeraha ya mashine hizi, na madaktari wa mikono wameshaizoea sura ya tukio: mtu mzima, mara nyingi mwanaume, theluji imelowa na imepita inchi sita, bomba limeziba, mkono ule anaoutegemea. Wapo waliotia mkono injini ikinguruma, wakidhani kuachia kishikio kunatosha. Na wapo waliozima kama nilivyozima mimi.

Kwa hiyo utaratibu wangu hauna hatua ya mkono. Naachia vishikio vyote viwili, nazima injini, nachomoa ufunguo, nahesabu polepole hadi kumi, halafu natumia kijiti, nikiwa nimesimama mahali ambapo kikirushwa hakinipati. Kama mashine yako haina kijiti, mpini wa ufagio unafaa. Mguu hauingii. Na vile vishikio vya kubana vilivyowekwa ili mashine isimame ukiviachia, usivifunge kwa kamba ili upumzishe mikono. Nimeona mashine mbili za mitumba zimefungwa hivyo, na niliyekuwa naye alitaka kununua moja. Nilimzuia hadi alipofungua ile kamba mbele yangu.

Lakini kuna jambo nililoligundua baadaye, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Mkono hauingii kwenye bomba lisiloziba. Watu hutenganisha mambo haya mawili, usalama huku na matengenezo kule, kana kwamba la kwanza ni la kumwogopesha mtu na la pili ni la fundi. Kwangu ni jambo moja. Siku ile bomba langu lilikuwa na kutu ndani, mkanda umelegea, na nilikuwa naendesha injini nusu kasi nikidhani naokoa petroli. Yote matatu yanaziba bomba. Feni isiyo na kasi haitupi theluji, inaisukuma tu hadi mahali inaposhikana.

Siku hizi kila Oktoba nalisugua bomba kwa ndani hadi liwe laini, nalipuliza dawa ya silikoni, na ile nyumba ya feni pia. Theluji inateleza kama samaki aliyepakwa mafuta. Nakagua mkanda kama una nyufa au umeng'aa pembeni. Mkanda uliong'aa unateleza. Injini naipeleka kasi kamili kila ninapofanya kazi, na nikikutana na theluji nzito napunguza mwendo wa magurudumu, siyo kasi ya injini. Ule ukuta wa manispaa siuingii kichwa kichwa. Namega nusu ya upana wa mdomo, narudi nyuma, namega tena. Theluji ikiwa nyingi natoka mapema, inchi nane zikishajaa, halafu natoka tena ikiongezeka. Kusubiri hadi dhoruba iishe ili ufanye kazi mara moja ni kujitafutia bomba lililoziba saa ambayo umeshachoka.

Nazungumzia kidogo pini za kukatika, maana hapa ufundi wetu wa nyumbani unatuponza. Parafujo imeshikwa kwenye mhimili wake kwa pini za chuma laini. Ukigonga jiwe, au gazeti lililogandishwa na barafu, pini inakatika na parafujo inaacha kuzunguka. Sisi tuliokulia mahali ambapo kitu kikikatika unaweka kigumu zaidi kisikatike tena, mkono unakwenda wenyewe kwenye bolti imara. Usifanye hivyo. Pini ile imewekwa ikatike ili gia boksi ipone. Ukiweka bolti ngumu, siku ya jiwe jingine kitakachovunjika ni gia boksi, na bei yake inakaribia kukufanya ununue mashine nyingine. Nunua pini za mashine yako, ziweke nne au tano kwenye mfuko wa koti pamoja na spana yake. Na kabla ya kubadilisha, ufunguo utoke na waya wa plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini, uchomolewe, kwa sababu hapo mikono lazima iguse parafujo.

Mambo ya kugonga yanazuilika Novemba, kabla ya theluji ya kwanza. Zunguka njia yako yote ukiokota mawe, midoli, waya za taa za sikukuu, zulia la mlangoni, mnyororo wa mbwa. Theluji ikishafunika hutaviona tena, na mashine itavipata kabla yako. Jiwe linalopita kwenye feni linatoka kama risasi. Bomba siku zote lielekee mahali pasipo na mtu, gari wala dirisha, na watoto wabaki ndani. Wangu wanapenda kutazama, kwa hiyo tumekubaliana dirisha la jikoni ndilo lao, na mimi nawapungia nikimaliza kila mstari. Chini ya mdomo, pembeni, kuna viatu viwili vya chuma vinavyopandisha au kushusha mashine. Kwenye zege shusha mdomo ukaribie ardhi. Kwenye kokoto pandisha, angalau inchi moja, vinginevyo utakuwa unarusha kokoto za jirani.

Mavazi nayasema kwa mama zetu na dada zetu, maana wengi ndio wenye nyumba wakati wa mchana. Mtandio wenye ncha ndefu, kitenge kilichofungwa kiunoni, skafu inayoning'inia, vyote vibaki ndani. Vaa suruali, koti la kubana, buti zenye meno, na kofia inayoshika masikio. Masikio yenyewe yanahitaji kinga, injini hizi zina kelele nyingi.

Petroli ina habari yake. Marekani petroli karibu yote imechanganywa na ethanoli. Hadi asilimia 10 injini hizi zinastahimili. Ile ya asilimia 15, ambayo pampu nyingi huiandika 88, ni marufuku kwa injini ndogo, hata kama ni nafuu na inashawishi. Ethanoli inavuta maji, na petroli iliyokaa zaidi ya mwezi mmoja inaanza kuharibika na kuacha utomvu kwenye kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa. Mashine nyingi zinazokataa kuwaka Desemba hazina ugonjwa mwingine. Zina petroli ya Machi. Nanunua kidogo kidogo, na natia dawa ya kuhifadhi siku ile ile ninapoinunua, sisubiri. Dumu lijazwe likiwa chini kwenye zege, siyo ndani ya buti la gari, kwa sababu cheche ya umeme tuli inatosha kuwasha mvuke. Tangi la mashine nalijaza nje, injini ikiwa imepoa. Mafuta yakiisha katikati ya kazi naingia ndani nanywa chai. Injini ikishapoa ndipo namimina.

Sasa lile linaloua bila kugusa mtu. Nyumbani kila mwaka tunasikia habari ya familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi ya Lushoto au Njombe, asubuhi wakakutwa hawaamki. Gesi ile ile, monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, inatoka kwenye ekzozi ya mashine ya theluji. Mtu anaiwasha ndani ya gereji ili ipate moto huku yeye amejikinga na upepo. Mlango wa gereji ukiwa wazi haitoshi. Gereji nyingi hapa zimeshikana na nyumba, na gesi inapenya hadi vyumba vya kulala. Mimi naisukuma nje kwanza, ndipo naiwasha. Wakati wa dhoruba kubwa nakagua pia bomba la kutolea moshi la tanuri linalopasha nyumba joto, lile linalochungulia ukutani, kama theluji haijaliziba, na bomba la mashine silielekezi huko. King'ora cha gesi hiyo kiko karibu na vyumba tunavyolala, na betri yake naibadilisha. Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikaja, na ni nyumba nzima, tokeni nje kwanza, piga 911 mkiwa nje. Msifungue dirisha mkakaa mkisubiri.

Oili naikagua kila kabla ya kuwasha, mashine ikiwa imesimama sawa. Nyingi zinatumia 5W-30, nyepesi kwa baridi. Ikiwa mpya inabadilishwa mapema, baada ya saa chache za kwanza kama kitabu chake kinavyosema, halafu angalau mara moja kila msimu. Plagi ni dola chache, sina sababu ya kuibania. Kama yako ina stata ya umeme, waya wa nyumbani unachomekwa kwenye mashine kwanza halafu ukutani, na ikishawaka unatolewa ukutani kwanza. Uondoe kabisa njiani. Parafujo inapenda waya.

Ukimaliza kazi usizime mara moja. Iache parafujo izunguke dakika moja au mbili itapike theluji iliyobaki, vinginevyo itaganda humo na kesho haitazunguka. Mlima upande na ushuke kwa kunyooka, usiukate kwa ubavu.

Aprili ikifika naihifadhi. Naimaliza petroli kwa kuiacha iwake nje hadi izime yenyewe, nabadilisha oili, natia grisi kwenye mhimili wa parafujo baada ya kuzitoa pini, maana mhimili ukishikana na parafujo kwa kutu pini hazitakuwa na kazi tena. Mikwaruzo kwenye chuma naipaka rangi. Chumvi ya barabara ya Buffalo inakula chuma kama hewa ya bahari inavyokula mabati pale Tanga.

Mzee wa Uvira amehamia kwa binti yake Texas, ambako hahitaji mashine. Msimu uliopita ilikuja familia mpya kwenye nyumba ile ile ya ng'ambo, watu wa Kigoma, na baba mwenye nyumba alikuja kuniomba mashine siku ya theluji ya kwanza. Nilimwambia nitampa, lakini tuanze na kijiti. Nilimwonyesha ncha iliyomegwa. Aliipitisha kidole juu yake, akauliza injini ilikuwa inawaka? Nikamwambia hapana, ilikuwa imezimwa, ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Akanyamaza, akaigeuza tena.

Kile kijiti sijakibadilisha. Kibano chake cha plastiki kilivunjika kwa baridi, kwa hiyo nimekitoboa tundu na kukifunga kwenye mpini wa mashine kwa kamba ya katani aliyoniletea dada yangu kutoka Muheza, ndefu ya kutosha kufika kwenye bomba bila kufunguliwa, fupi ya kutosha isifike kwenye parafujo.